Jumapili ya Kusikiliza Maji

Bomba la zamani usilifungue kwa hasira. Hilo ndilo la kwanza, na mngekuwa darasani mwangu ningewaandikisha mara tatu. Bomba la chuma lililokaa ardhini tangu babu zenu wakiwa vijana limeshikana na soketi yake ya kuungia kama mume na mke waliozeeka pamoja. Ukija na renchi ndefu na mabavu ya ujana halitafunguka, litavunjika, tena litavunjikia mahali ambapo mkono wako haufiki. Lipashe moto kidogo, ligongegonge, litie mafuta, kisha nenda ukanywe chai. Ukirudi utalikuta limelegea.

Nayajua haya kwa sababu niliwahi kulivunja. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, msichana peke yangu katika kikosi cha mafundi, na mdomo wangu ulikuwa mrefu kuliko renchi yangu. Tulitumwa Buruburu, nyumbani kwa mama mmoja karani wa serikali, kubadilisha mfereji wa jikoni. Nikaingia, nikaweka renchi, nikavuta. Mfereji ukabaki mkononi mwangu na maji yakanipiga kifuani. Nikaanza kuzunguka nyumba nikitafuta valvu ya kufungia, huku zulia la watu linaelea sebuleni na mwenye nyumba amepanda juu ya kochi na mkoba wake. Fundi wangu, mzee mtaratibu aliyekuwa nje akivuta sigara, akaja akaniuliza swali moja tu: "Umemwuliza mama valvu iko wapi?" Nikasema la. Mama akaonyesha kwa kidole kutoka juu ya kochi. Ilikuwa nyuma ya friji.

Jioni ile fundi wangu aliniambia kwamba mwenye nyumba anaijua nyumba yake kuliko mimi, hata kama hajui jina la kifaa hata kimoja. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Ukweli ni kwamba nilikuja kuelewa nikiwa na mvi, na aliyenifundisha mara ya pili alikuwa mzee wa mtaani anayeitwa Makokha. Hiyo ndiyo hadithi ninayotaka kuwaachia, ninyi mnaovaa ovaroli mpya zenye jina la chuo mgongoni.

Nimefundisha kazi ya mabomba miaka ishirini na minane katika chuo cha ufundi kilichoko huku Eastlands, Nairobi. Chuo chetu kilikuwa na ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu yake. Ng'ambo ya ukuta kulikuwa na mtaa wa zamani upande wa Ziwani, nyumba za safu zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli na wa baraza la jiji, na katika nyingi bado wamo watoto na wajukuu wao, wengi jamaa zetu kutoka magharibi mwa Kenya. Mabomba ya mtaa ule yalikuwa yakilia machozi usiku na mchana. Nasi, upande wa pili wa ukuta, tulikuwa tukiwafundisha wanafunzi kwenye mbao. Mnaijua ile mbao ya darasani, mabomba yamefungwa safi kwa skrubu na hakuna tone la maji lililowahi kupita ndani. Mwanafunzi anamaliza kozi na kupewa cheti akiwa hajawahi kulowa.

Nilipobakiza mwaka mmoja nistaafu, nilimwendea mkuu wa chuo nikamwambia tuelewane na majirani. Wanafunzi watatengeneza mabomba ya mtaa chini ya uangalizi wangu, wakazi watatufungulia milango, na kila mtu atafaidika. Mkuu alikuwa mtu mzuri lakini mwenye kupenda barua. Akaandika barua. Akawaalika wakazi kwenye ukumbi wa chuo siku ya Jumanne saa nane mchana. Tukapanga viti, tukaviwekea vitambaa vyeupe, tukanunua soda. Hakuja hata mmoja. Tulikaa pale mimi, mkuu na mpishi, tukitazamana na kreti za soda.

Nilitoka nikaenda mwenyewe hadi kwenye mfereji wa mtaa, mahali akina mama wanapopanga mitungi. Hapo ndipo nilipokutana na Mama Nafula. Alikuwa mjane wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya kuamrisha, na akina mama wenzake walimsikiliza.

"Mwalimu," akaniambia, "mlituita Jumanne saa nane. Nani hapa ana Jumanne saa nane? Wengine wako viwandani, wengine sokoni, mimi nina mgonjwa. Halafu hapo getini kwenu mtu anaacha kitambulisho kama ameshikwa. Mkitaka kuongea na sisi, njooni hapa kwa maji. Sisi tuko hapa kila siku saa kumi na mbili asubuhi."

Basi mkutano wa kwanza wa chuo na majirani ulifanyika alfajiri, watu wamesimama, mitungi chini. Mkuu mwenyewe alikuja, viatu vyake vikaingia matope. Soda hazikuwapo na makubaliano yalipatikana kabla jua halijachomoza. Ukitaka kufanya kazi na watu, jifunze kwanza saa zao.

Mgonjwa wa Mama Nafula alikuwa mama mkwe wake. Bibi yule alikuwa amelala kitandani mwaka wa pili, wa kugeuzwa, wa kuoshwa mara tatu kwa siku. Na safu ya Mama Nafula, nyumba kumi na mbili zilizojengwa mgongo kwa mgongo, ndiyo iliyokuwa na shida kubwa kuliko zote. Mfereji wao ulitoa maji membamba kama uzi, na siku nyingine haukutoa kabisa. Mama Nafula alikuwa akibeba mitungi kutoka safu ya tatu, akirushiwa maneno na wenyewe, ili bibi asilale na uchafu. Aliponieleza hayo hakulia. Mimi ndiye niliyefuta macho, nikajifanya ni vumbi. Nikamwahidi maji. Vijana, usiahidi maji kabla hujaona bomba.

Hapa nawapa ujuzi kidogo. Ukishuku maji yanapotelea njiani, waombe watu wote wafunge mifereji, kisha nenda ukatazame mita. Mifereji imefungwa na mita bado inazunguka? Basi kuna maji yanakwenda mahali ambapo hakuna mtu anayeyaomba. Tulifanya hivyo, na mita ya safu ile ilizunguka mbio. Lakini juu ya ardhi kulikuwa kukavu kabisa, kwa kuwa maji yalikuwa yakizama chini kwa chini hadi kwenye mtaro wa zamani. Tulijua tundu lipo, ila mahali lilipo hatukujua.

Tulikuwa na ramani ya mabomba. Nikaiamini ramani, kwa sababu imechorwa na mtu aliyesoma. Tukachimba mbele ya nyumba ya pili, tukapata udongo. Tukachimba mbele ya nyumba ya tano, tukapata mzizi wa mti na kijiko cha mtu. Tukachimba mara ya tatu, mvua ikanyesha, shimo likajaa, na mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni nusura atumbukie. Mama Nafula akaja akasimama juu ya shimo, mikono kiunoni.

"Mwalimu, tuliwaomba maji. Mmetuchimbia makaburi."

Habari zikamfikia mkuu. Akaniita ofisini akanisomea ripoti aliyokuwa akiiandika, kwamba wakazi hawana ushirikiano. Nikamwambia wasio na ushirikiano ni sisi na ramani yetu. Akavua miwani. "Mwalimu Rispa, nakuheshimu. Lakini mwezi huu ukiisha bila maji kwenye hiyo safu, tunafunga hii shughuli. Wanafunzi warudi kwenye mbao." Ilikuwa imebaki wiki mbili. Niliwaza bibi aliye kitandani, nikawaza wanafunzi wangu, nikarudi darasani sina raha.

Mwanafunzi wangu mmoja, Achieng, binti wa Makadara mwenye masikio makubwa na utani mwingi, alikuja na simu. "Madam, kuna app ya kusikiza leak, maji ikivuja. Unaweka simu chini, inakuambia." Tukaweka simu chini. Ikasikia kwaya ya mtaa wa pili, ikasikia pikipiki, ikasikia tumbo la Achieng, kila kitu isipokuwa maji. Tukacheka mpaka tukakaa chini, kwa sababu hali ikizidi kuwa ngumu mtu hucheka.

Siku hiyohiyo kinyozi mmoja wa mtaani akatuonea huruma. Akasema, "Si muulize Mzee Makokha? Alikuwa kanjo, hapo baraza la jiji, upande wa maji. Hizo bomba zote anazijua na jina."

Jina hilo nilikuwa nalijua.

Sasa mnivumilie nirudi nyuma. Miaka mingi kabla ya hapo, nilipokuwa mwalimu mgeni, mlinzi wa geti aliniita akasema kuna mzee anataka kuona mwalimu wa mabomba. Nikamkuta mtu mrefu, amevaa koti la kazi lililofuliwa likapauka, ameshika nondo nyembamba yenye kirungu cha mti kwenye ncha. Akaniambia anaitwa Makokha, amestaafu kazi ya baraza na angependa kuwaonyesha wanafunzi jinsi ya kusikiliza maji. Unasimamisha nondo juu ya bomba au juu ya ardhi, unaweka sikio kwenye kirungu, na bomba linakueleza linapoumia. Hakuomba mshahara. Nami, mbele ya wanafunzi waliokuwa wakipita, nikacheka. Nikamwambia, "Mzee, siku hizi kuna mashine." Akanitazama, akasema asante, akaondoka na nondo yake. Mashine yenyewe ilikuwa imelala stoo, haina betri, na haijapata betri mpaka leo.

Kwa hiyo nilipokwenda kumwona Mzee Makokha safari hii, nilijua nakwenda kulipia kicheko. Nilimwuliza Mama Nafula nyumba yake, akabadilika uso. Kumbe Mzee alikaa nyuma ya nyumba ya Mama Nafula kabisa, wametenganishwa na ukuta mmoja.

"Huyo? Huyo hana utu," akasema. "Nyumba ndiyo hiyo. Lakini mimi sifiki."

Mara ya kwanza nilimkuta Mzee amesimama mlangoni, mlango nusu wazi. Nilipomweleza shida, akatikisa kichwa. "Hiyo kazi niliwacha. Mimi ni mzee sasa." Akafunga. Nikasema moyoni, anayo haki.

Mara ya pili nilijiandaa. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kuomba msamaha. Nilimkuta ameketi nje kwenye kigoda, amenipa mgongo, anachambua mboga ya mrenda ndani ya ungo. Aibu ilinifanya nisimame nyuma yake, maana kusema na mgongo wa mtu ni rahisi kuliko kusema na uso wake. Nikaanza. Nikamwambia nilimkosea adabu nikiwa kijana mjinga, nikamwambia alikuja na zawadi nami nikaitupa, nikamwambia mambo ambayo sijawahi kumwambia hata mume wangu. Ilikuwa hotuba nzuri, sitawaficha. Machozi yalinilengalenga. Mzee akaendelea kuchambua mrenda wake, jani moja baada ya jingine, hajibu neno.

Nikawaza, ama kweli huyu mtu ana moyo mgumu. Hapo jirani mmoja akaangusha sufuria kubwa ya sherehe kwenye saruji nyuma yetu. Mimi niliruka karibu nianguke. Mzee hakugeuza hata shingo.

Nikamzunguka polepole, nikachuchumaa mbele yake. Akashtuka, ungo ukayumba. "Mwalimu! Umekuja saa ngapi?"

Hotuba yangu yote ilikuwa imekwenda na upepo. Nilimtazama machoni nikamwuliza taratibu, midomo yangu ikionekana, "Mzee, husikii?"

Alitazama kulia, akatazama kushoto kama kuna mtu karibu. Kisha akatazama chini kwenye mboga. "Usiambie mtu," akasema. "Mimi hapa naitwa mtu wa kusikiza maji. Watoto wangu walisoma na haya masikio. Mtu wa kusikiza maji na hasikii, huyo ni mtu wa nini?"

Nilimshika mikono iliyojaa utelezi wa mrenda, nikakaa naye tu. Baadaye nikamwomba msamaha upya, safari hii kwa ufupi na kwa kumtazama. Akacheka kidogo. Akasema hata yeye ile siku ya getini alirudi nyumbani akafikiri labda ni kweli mashine zimefika.

Mimi nikamwuliza: kama masikio yatakuwa ya mtu mwingine, na kichwa kitakuwa chake, itawezekana? Akaweka ungo chini. "Huyo mtu akuwe hana haraka," akasema.

Achieng na haraka walikuwa mapacha, lakini masikio alikuwa nayo. Kwa ruhusa ya Mzee nikamweleza siri, akaapa kuitunza. Wiki nzima alikuwa akienda kwa Mzee jioni baada ya darasa. Aliweka nondo kwenye mfereji wa jirani uliofunguliwa, akasikiliza, akaeleza kwa mdomo na mikono anachosikia, naye Mzee akamwambia maana yake. Mfereji uliofunguliwa huvuma kama upepo mlangoni. Bomba lililopasuka kabisa hunguruma kwa chini. Tundu dogo lenye maji yenye nguvu hukaanga kama mafuta kwenye kikaango. Na kadiri unavyolikaribia, mkaango huo unakuwa mkali. Achieng aliyajifunza kwa maneno yake mwenyewe, ya mtaani, na Mzee akaanza kuyatumia maneno hayo. Nilimsikia siku moja akimwambia, "Hapo ni tundu ama ni stori tu?" nikajua wameelewana.

Mzee akatoa sharti moja. Maji yasikilizwe Jumapili, kati ya saa tatu na saa sita, watu wakiwa kanisani. "Hakuna mwingine anachota, hakuna gari mingi. Mimi kazi yote nilifanya Jumapili. Mama yangu alisema nitaenda motoni," akasema.

Jumapili! Chuoni sheria ilisema Jumapili hakuna kazi, stoo imefungwa, na vifaa havitoki. Nilimbembeleza mtunza stoo, akanitajia kifungu cha sheria. Nilimpigia mkuu simu, akasema atanijibu kwa maandishi. Na Jumapili iliyokuwa inakuja ndiyo ilikuwa ya mwisho ya mwezi ule. Nikaenda kwa Mama Nafula nikamwambia ukweli kwamba chuo kitakuja mikono mitupu. Akanitazama kwa huruma. Asubuhi ya Jumapili nilikuta mlangoni pake majembe matatu, sururu moja, ndoo, na karai la kinyozi. Mtaa tuliokuja kuusaidia ndio uliotuazima vifaa.

Mama Nafula hakwenda kanisani siku hiyo. Alipita nyumba zote kumi na mbili akahakikisha mifereji imefungwa. Alipomwona Mzee Makokha akija na nondo yake, na Achieng kando, alisogea mbali. Watu wachache waliobaki walijua tu kwamba Mzee anamfundisha msichana. Mzee alisimama mwanzoni mwa safu, akatazama paa, akatazama mtaro, akapiga hatua kama anayepima shamba. Kisha akaonyesha ardhi kwa kidole cha mguu. "Anza hapa. Hiyo ramani yenu ilichorwa na mtu alikuwa amekaa kwa kiti."

Achieng akasimamisha nondo, akainama, akaweka sikio. Akatikisa kichwa. Hatua mbili. Akatikisa kichwa. Tulikwenda hivyo nyumba moja baada ya nyingine. Mzee alikuwa mbele yake kila mara, anamtazama uso bila kupepesa. Tulipofika nyumba ya nane, Achieng akainua kidole. "Mzee, kuna kitu. Lakini ni ndogo."

Na hapo ndipo tuliposikia ngoma. Waumini wa dhehebu moja, wale wa kanzu nyeupe na misalaba myekundu, walikuwa wakipita mtaani kwa maandamano yao, ngoma mbili kubwa na nyimbo za kwetu. Wakaingia kwenye safu yetu, ardhi yote ikatetemeka. Achieng akanyanyuka. "Madam, hapa siskii kitu. Ni ngoma tu."

Mama Nafula akaenda kuwakabili katikati ya njia. Nilimwona akizungumza na kiongozi wao, mikono ikionyesha mfereji, ikionyesha nyumba yake, ikionyesha kitanda ndani. Kiongozi akainua fimbo yake. Ngoma zikakoma. Wakasimama pale jua likiwachoma, wanawake kwa wanaume na watoto, karibu watu hamsini, hakuna aliyekohoa. Nimezaliwa na kukulia huku Eastlands, na sikuwahi kuusikia mtaa ukinyamaza vile.

Achieng akainama tena. Akafumba macho. Akasogea hatua moja, nusu hatua, akarudi kidogo. Alikuwa amefika kwenye jiwe la kufulia nguo, mlangoni pa Mama Nafula kabisa, mahali mama huyo anapokaa kila siku.

Mzee akamwuliza, "Inalia aje?"

"Inakaanga."

"Inakaanga nini?"

Achieng akafikiri, sikio bado liko kwenye kirungu. Kisha akamgeukia ili amwone midomo. "Vitunguu. Mafuta imeshika moto sana."

Mzee akachomeka kijiti ardhini kando ya jiwe. "Chimbeni."

Tulichimba. Hata watu wa kanzu nyeupe walikunja mikono ya nguo wakapokezana jembe na wanafunzi wangu. Kwenye kina cha kiuno sururu ikagusa unyevu, kisha bomba, na kwenye soketi ya bomba kulikuwa na tundu dogo la kuingia punje ya mahindi. Maji yalikuwa yakiruka kutoka hapo na kuzama mtaroni, siku baada ya siku, hatua tatu kutoka kwenye kitanda cha bibi. Sikuruhusu mtu aguse ile soketi kwa renchi. Tulifunga valvu, tukasafisha kutu kwa brashi, tukazungushia mpira na klampu ya kuubana niliyokuwa nimeinunua mwenyewe, tukakaza kidogo upande huu na kidogo upande ule, kwa upole. Tukafungua valvu. Pakawa pakavu.

Mzee Makokha akamwambia Achieng asikilize tena, maana kazi haijaisha mpaka bomba limenyamaza. Achieng akashuka shimoni, akaweka nondo, akasikiliza kwa muda. Watu wote walikuwa wamelizunguka shimo. Akainua uso.

"Sisikii kitu, Mzee."

Mzee akautazama uso wa msichana yule, akatutazama sisi, akatazama majirani zake wa miaka yote. Nilimwona akivuta pumzi.

"Hata mimi," akasema kwa sauti. "Mimi sisikii. Masikio yangu iliisha miaka minne. Huyu mtoto ndiye amesikia leo."

Hakuna aliyecheka. Mama Nafula alikuwa upande wa pili wa shimo. Aliweka mkono kinywani, akaja akazunguka mpaka akawa mbele yake.

"Miaka minne? Mzee, asubuhi ile Baba Nafula alianguka, niligonga ukuta wako. Niligonga mpaka mkono ukafura. Nilikuita kwa jina. Hukuja, mume wangu akafa."

Mzee aliyasoma maneno hayo kwenye midomo ya mama huyo, moja baada ya jingine. "Niliambiwa siku ya tatu," akasema. "Nikaona aibu. Nikaona heri unichukie, kuliko mtaa wote ujue Makokha hasikii."

Nilidhani Mama Nafula atamtukana, na ningemwelewa. Badala yake akageuka, akaenda kwenye mfereji wa safu yao akaufungua wote. Maji yakaja kwa nguvu, ya kahawia kwanza, kisha meupe. Alijaza mtungi, akauingiza ndani kwa bibi, na kupitia mlango ulioachwa wazi tukamsikia bibi akiuliza hayo yote ni maji ya wapi. Akatoka tena na beseni, jagi na kipande cha sabuni, akavuta kigoda chake mwenyewe, akamkalisha Mzee Makokha.

Akapiga magoti mbele yake akamnawisha mikono, taratibu, matope yakitoka kidole kwa kidole, kama anavyonawishwa mgeni kabla ya chakula. Achieng alikuwa wa pili. Mimi na wanafunzi wengine, pamoja na mkuu wa chuo aliyekuwa amewasili na jibu lake la maandishi mkononi, tulisimama kwenye mstari tukangoja zamu yetu.